Jembe la Dortmund

Usiku wa Juni 1, 2024, fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya ilipigwa Wembley, London, na hapakuwa na klabu hata moja ya England uwanjani. Waingereza walikuwapo, ila kwa jezi za watu. Jude Bellingham, aliyelelewa Birmingham City kisha akapitia Dortmund, alikuwa na Real Madrid, na pasi yake ndiyo iliyomfikia Vinícius Júnior akafunga bao la pili. Upande wa pili Jadon Sancho, mtoto wa London kusini, alianza kikosi cha kwanza cha Borussia Dortmund. Dakika za mwisho akatolewa, akaingia Jamie Bynoe-Gittens, Mwingereza mwingine, naye kama Sancho alipitia akademi ya Manchester City. Real wakashinda 2-0. Ukiwaweka pamoja vijana hao watatu, siku walipoondoka kwao kwenda Ujerumani hakuna aliyekuwa amecheza hata dakika moja ya Ligi Kuu England.

Kwenye vibanda umiza na kwenye redio za michezo jambo hili lina maelezo yake, na ni yaleyale miaka yote: Wajerumani wanawaamini vijana, Waingereza hawawaamini. Maelezo mazuri, tena mafupi, na kwa maoni yangu yamekosea pa kuanzia. Kocha wa Kijerumani hana moyo laini kuliko kocha wa Burnley. Akifungwa mechi tano mfululizo naye anafukuzwa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kinda wa Kiingereza anayefunga virago anapaswa kujiuliza swali hilo tu: huko niendako kuna shamba ambalo halina mtu wa kulilima, au naenda kukaa barazani nikinywa kahawa na wenyeji? Nchi ni jambo la baadaye.

Tuanze na Sancho, maana yeye ndiye aliyefungua njia. Ni Agosti 2017. Ana miaka 17, na miezi mitatu nyuma alichaguliwa mchezaji bora wa Euro ya vijana chini ya miaka 17, ambako England ilipoteza fainali kwa Hispania kwa mikwaju ya penalti. Man City wanamwekea mkataba mpya mezani, anaukataa. Kwa nini? Tazama kikosi cha Pep Guardiola majira yale. Pembeni kuna Raheem Sterling na Leroy Sané, na kiangazi hichohicho Bernardo Silva kasajiliwa kutoka Monaco. Kijana wa miaka 17 akihesabu watu walio mbele yake anamaliza vidole vya mkono mmoja kabla hajajifikia mwenyewe.

Huko Dortmund hali ni kinyume. Ousmane Dembélé kagomea mazoezi mpaka kauzwa Barcelona kwa ada inayoanzia euro milioni 105. Winga hawana, fedha wanazo, msimu umeshaanza. Siku ya mwisho ya dirisha Sancho anatua kwa ada iliyotajwa kuwa karibu pauni milioni 8, na anakabidhiwa jezi namba 7, ileile aliyoivua Dembélé. Jembe hilo.

Msimu wa kwanza hakuwaka. Alicheza mechi 12 tu za Bundesliga. Oktoba mwaka huo Dortmund walimrudisha kutoka India baada ya hatua ya makundi ya Kombe la Dunia la vijana, kwa sababu walimtaka kikosini, na wenzake wakaendelea bila yeye hadi kulitwaa, wakiifunga Hispania 5-2 jijini Kolkata. Alikosa medali ambayo akina Phil Foden na Rhian Brewster waliivaa shingoni. Msimu uliofuata, 2018/19, alicheza mechi zote 34 za ligi, akafunga mabao 12 na kutoa pasi 14 za mabao, na Oktoba 2018 akawa mchezaji wa kwanza aliyezaliwa mwaka 2000 kuichezea timu ya taifa ya wakubwa ya England.

Msimu huohuo Foden, waliyepishana miezi miwili tu kuzaliwa, alicheza mechi 13 za ligi akiwa Man City, nyingi akitokea benchi.

Sasa hapa ndipo watu hupotoka. Foden hakukosea kubaki. Hadi 2024 alikuwa na mataji sita ya Ligi Kuu, na msimu wa 2023/24 alichaguliwa mchezaji bora wa ligi. Mtu akisema kila kinda aondoke, mwonyeshe Foden. Lakini Foden alikuwa na kitu ambacho kinda wa kawaida wa England hana: kocha asiyeondoka. Guardiola aliiambia dunia nzima kwamba kijana huyu ana nafasi yake, kisha akabaki kwenye kiti kile miaka yote iliyohitajika kuitimiza kauli. Klabu nyingine za England hubadilisha makocha kama tunavyobadilisha laini za simu. Kocha anakuahidi namba mwezi Agosti, Novemba anafukuzwa, na ahadi yake haimo kwenye mkoba anaokabidhiwa mrithi wake.

Na makocha wanafukuzwa kwa sababu ya fedha, kwa hiyo tuingie kwenye fedha.

Ligi Kuu England imeuza haki za televisheni za ndani ya Uingereza peke yake kwa pauni bilioni 6.7 kwa misimu minne kuanzia 2025/26. Bundesliga kwa misimu minne hiyohiyo imepata takriban euro bilioni 4.5 nyumbani kwao. Nje ya mipaka pengo ni kubwa zaidi, na hilo tunalijua kuliko mtu yeyote, sisi tunaolipia king'amuzi ili tuone Brentford wakicheza na Everton Jumatatu usiku na kesho yake tuwahi kazini. Timu inayoshika mkia England huondoka na zaidi ya pauni milioni 100 za mgawo. Kila nafasi moja juu kwenye msimamo ina thamani ya karibu pauni milioni 3.

Weka hesabu hiyo kichwani mwa kocha aliye nafasi ya 16 mwezi Februari. Ana winga wa miaka 18 mwenye kipaji cha ajabu, na ana winga wa miaka 30 aliyechoka lakini harudishi mpira nyuma hovyo. Kinda akinyang'anywa mpira dakika ya 88, pointi moja imekwenda, na pointi hiyo inaweza kuwa tofauti kati ya kubaki na kushuka daraja. Atampanga nani? Ningekuwa mimi ningempanga mzee, na ningeandika kwenye magazeti kwamba vijana wanahitaji subira.

Kosa la kinda lina bei kila mahali. Tofauti ni nani anayelilipia, na analiandika upande gani wa daftari.

Dortmund wanaliandika upande wa mtaji. Hii si tabia waliyozaliwa nayo. Klabu ile imo kwenye soko la hisa la Frankfurt tangu mwaka 2000, na mwanzoni mwa miaka ile ilitumia kama mtu aliyeokota pochi njiani. Ilifikia hatua Bayern Munich, mahasimu wao, wakawakopesha euro milioni 2 ili mambo yasisimame, na mwaka 2005 nusura ifilisike kabisa. Kanuni ya Ujerumani inayowaachia wanachama zaidi ya nusu ya kura inazuia tajiri mmoja kuja na gunia la fedha kuikomboa. Njia iliyobaki ilikuwa moja: nunua mtu akiwa bado hajaiva, mchezeshe, uza. Jürgen Klopp alipewa timu mwaka 2008 akiwa na vijana kwa sababu wazee wa bei walikuwa hawashikiki, na mwaka 2011 na 2012 wakachukua ubingwa. Kuanzia hapo umaskini ukawa sera.

Kwa kuwa sheria za soko la hisa zinawalazimu kutangaza biashara kubwa, bei za Dortmund tunazijua vizuri kuliko za klabu nyingi. Sancho: alinunuliwa kwa pauni milioni 8 hivi, akauzwa Manchester United mwaka 2021 kwa euro milioni 85. Bellingham: alinunuliwa mwaka 2020 kwa karibu pauni milioni 25, akauzwa Real Madrid mwaka 2023 kwa euro milioni 103 kabla ya nyongeza. Katikati hapo kuna mechi 137 za Sancho na 132 za Bellingham. Mechi hizo ndizo kiwanda chenyewe. Dortmund wasipomchezesha kinda, hawana cha kuuza. Kumweka benchi ni sawa na mwenye daladala kuliacha gari gereji na kulipia dereva.

Bellingham alilielewa hili mapema kuliko watu wazima wengi. Akiwa na miaka 16 alikuwa tayari anacheza kila wiki Birmingham City, daraja la pili, na Manchester United walimwita wakamtembeza kambini kwao. Akachagua Dortmund. Septemba 2020, mechi yake ya kwanza ya mashindano, Kombe la Ujerumani dhidi ya Duisburg, alianza na akafunga. Hakuna siku mbili za ugeni hapo, jembe alilikuta mlangoni. Mama yake alihamia naye, baba akabaki England na mdogo wake, Jobe. Nalitaja hilo kwa sababu tunapozungumzia uhamisho tunasahau kwamba anayehama ni mtoto anayehitaji mtu wa kumuuliza kama amekula.

Kama bado unaamini suala ni utamaduni wa Waingereza kutoamini vijana, nakupa Chelsea ya 2019. Klabu hiyo ilikuwa na moja ya akademi bora duniani na kwa miaka mingi ilikuwa haimpi mtu namba. Wachezaji wake walitawanywa kwa mkopo Uholanzi, Ubelgiji, daraja la pili la nyumbani. Kisha FIFA ikawafungia kusajili kwa kosa la kukiuka kanuni za wachezaji walio chini ya miaka 18. Kiangazi kile Eden Hazard akauzwa Real Madrid na hakukuwa na ruhusa ya kumtafuta mbadala sokoni. Ghafla kocha Frank Lampard "akawaamini" vijana. Mason Mount akacheza mechi 37 kati ya 38 za ligi. Tammy Abraham akafunga mabao 15 ya ligi. Fikayo Tomori akaitwa timu ya taifa.

Adhabu ilipoisha, imani nayo ikaisha. Mwaka 2020 wakaja Timo Werner, Kai Havertz, Hakim Ziyech na wengine. Januari 2021 Lampard akafukuzwa, na mwezi huohuo Tomori akaenda AC Milan. Agosti 2021 Romelu Lukaku akarudi kwa pauni milioni 97.5, na siku chache baadaye Abraham akawa wa Roma. Msimu huo wa kwanza Italia, Abraham alifunga mabao 27 katika mashindano yote na kutwaa Ligi ya Konferensi chini ya José Mourinho. Tomori akachukua ubingwa wa Serie A na Milan. Miguu ni ileile, umri umesogea kidogo tu. Kilichobadilika ni kwamba walihamia mahali ambapo hakukuwa na Lukaku wa pauni milioni 97.5 mlangoni.

Kuna na kichochezi cha kihasibu ambacho mashabiki hawakipendi kukisikia. Kanuni za fedha za Ligi Kuu kwa miaka mingi zimekuwa zikiangalia faida na hasara. Mchezaji aliyenunuliwa ana gharama ya usajili inayobaki kwenye vitabu. Aliyekuzwa kwenye akademi hana, kwa hiyo bei yake yote inaandikwa faida tupu. Mtoto wa nyumbani ndiye mwenye thamani kubwa zaidi siku unapomuuza. Halafu mtu anashangaa kwa nini wanauzwa.

Basi kila anayekwenda nje anafanikiwa? Hata kidogo. Na hapa kipimo cha jembe ndipo kinapofanya kazi vizuri, kwa sababu kinatenganisha waliouzwa na waliokwenda kwa mkopo.

Mkopo wa nje ni ugeni wa kudumu. Klabu inayokupokea inakufundisha, inavumilia makosa yako, kisha Juni inakurudisha ukiwa umenolewa kwa faida ya mwingine. Nani anayepalilia shamba la jirani kwa moyo wote? Reiss Nelson alikwenda Hoffenheim kutoka Arsenal mwaka 2018 akaanza kwa kasi, akamaliza na mabao saba ya Bundesliga, lakini nusu ya pili ya msimu alififia na hakuna aliyekuwa na sababu ya kumsubiri azinduke. Aliporudi London foleni ilikuwa palepale. Emile Smith Rowe alikwenda RB Leipzig Januari 2019 akiwa na maumivu, akacheza mechi tatu. Kwa klabu iliyomnunua, kinda mgonjwa ni mali inayotibiwa. Kwa klabu iliyomkopa ni kitanda kilichokaliwa bure.

Callum Hudson-Odoi ndiye ananiuma zaidi. Januari 2019 Bayern Munich walimtaka kwa ofa zilizofika pauni milioni 35. Alikuwa na miaka 18, na Bayern walikuwa wakijiandaa kuagana na Arjen Robben na Franck Ribéry kiangazi kile. Mabawa mawili wazi kwa mpigo, shamba la ekari ngapi hilo! Chelsea wakakataa. Aprili akaumia vibaya kisigino, Septemba akasaini mkataba mrefu mnono. Alipofika Bundesliga hatimaye, mwaka 2022, ilikuwa kwa mkopo Bayer Leverkusen, na hakufunga hata bao moja la ligi. Ligi ileile, mtu yuleyule, lakini safari hii aliingia kama mgeni.

Na jina kubwa la klabu halisaidii. Marcus McGuane aliondoka Arsenal Januari 2018 kwenda Barcelona, na magazeti ya London yakaandika kana kwamba Gary Lineker, Mwingereza aliyewika Barcelona zamani, amerudi. Alikwenda timu B. Kikosi cha kwanza alikionja kwenye Supercopa ya Catalunya, kisha akarudi England na kuijenga kazi yake katika madaraja ya chini.

Mkopo wenye tija upo, nisiwe mkaidi. Mason Mount alikuwa mchezaji bora wa msimu wa Vitesse ya Uholanzi mwaka 2018, na Ademola Lookman, ambaye kocha wake wa Everton, Sam Allardyce, alitaka aende Derby County, aling'ang'ania Leipzig Januari 2018. Mechi ya kwanza aliingia akafunga bao la ushindi dhidi ya Borussia Mönchengladbach, akamaliza na mabao matano katika mechi 11. Leipzig wakamtaka moja kwa moja, Everton wakagoma. Walipokubali mwaka mmoja baadaye, kiti kilikuwa kimeshakaliwa. Lookman akarudi pale alipoanzia: msimu mzima akisugua benchi, kisha Fulham, kisha Leicester.

Kilichomtoa ni Atalanta, mwaka 2022, klabu ya Bergamo ambayo nayo inaishi kwa kununua wasiotakiwa na kuwauza ghali. Mei 22, 2024, jijini Dublin, alifunga mabao matatu peke yake kwenye fainali ya Ligi ya Europa na kuivunja Bayer Leverkusen iliyokuwa imecheza mechi 51 bila kufungwa. Wakati huo alikuwa ameshachagua kuichezea Nigeria, na Desemba mwaka huo akawa Mchezaji Bora wa Afrika. England ilimlea mpaka akachukua Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 20 mwaka 2017, na matunda yakavunwa na Super Eagles. Sisi Waafrika hatulalamiki.

Waingereza kucheza nje si jambo jipya. Kevin Keegan alitoka Liverpool kwenda Hamburg mwaka 1977 akachukua Ballon d'Or mara mbili, 1978 na 1979. Jimmy Greaves alidumu miezi tu Milan mwaka 1961, akafunga mabao yake tisa na kukimbilia nyumbani. Lakini hao waliondoka wakiwa wameiva, wakifuata fedha ambazo England haikuwa nazo. Wa sasa wanaondoka wabichi, wakiacha fedha mezani.

Hilo kwetu ni gumu kulimeza, maana tumezoea safari ya upande mmoja. Mbwana Samatta alipanda ngazi: Simba, TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011, ubingwa wa Afrika mwaka 2015, Genk, na hatimaye Aston Villa Januari 2020. Kila hatua ilikuwa juu kuliko ile ya nyuma kwa mshahara na kwa jina. Ila hata yeye mabao 23 ya ligi aliyafunga Genk, msimu wa ubingwa wa Ubelgiji 2018/19, alikokuwa mshambuliaji wa kutegemewa. Villa, katikati ya vita ya kushuka daraja, alicheza mechi 14 za ligi akafunga moja, na kabla mwaka haujaisha alikuwa Uturuki. Kocha wa nafasi ya 16 mwezi Februari, yule niliyemtaja, hamvumilii kinda wala mgeni.

Na hamvumilii anayerudi. Sancho alirudi England mwaka 2021 akiwa na mabao 50 ya Dortmund kibindoni na bei ya euro milioni 85 mgongoni. Nakubali kwamba yapo ya kwake mwenyewe. Ugomvi wa hadharani na kocha wake, Erik ten Hag, mwaka 2023 haukumjengea jina. Lakini alikuwa amerudi kwenye soko lilelile alilolikimbia, safari hii bila kinga ya kuitwa kinda. Dortmund alikosea akiwa amegharimu pauni milioni 8, na watu wakasema atajifunza. United alikosea akiwa amegharimu mara tisa ya hapo. Januari 2024 akarudi Ujerumani kwa mkopo, miezi mitano baadaye akawa kwenye fainali ile ya Wembley. Kisha Chelsea kwa mkopo, ambao waliona afadhali walipe faini ya pauni milioni 5 ya kuvunja makubaliano kuliko kumsajili. Kisha Aston Villa, kwa mkopo tena. Bynoe-Gittens naye amerudi, Chelsea, kiangazi cha 2025, kwa pauni zinazokaribia milioni 50, kwenye kikosi ambacho kiangazi hichohicho kiliwapokea Estêvão na Alejandro Garnacho. Nimemhesabia watu walio mbele yake, na vidole vya mkono mmoja havikunitosha.

Kuna mlango mmoja umefungwa wakati sote tukitazama pembeni. FIFA hairuhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhama nchi, isipokuwa kwa masharti machache, na moja ya masharti hayo ni uhamisho wa wenye miaka 16 na 17 ndani ya eneo la Umoja wa Ulaya. Uingereza ilipokamilisha kujitoa, kuanzia Januari 1, 2021, ikatoka nje ya sharti hilo. Kilichoandikwa sana ni kwamba klabu za England hazitaweza tena kuwachukua watoto wa Kifaransa na Kihispania wakiwa na miaka 16, kama Arsenal walivyomchukua Cesc Fàbregas. Upande wa pili wa mlango haukuandikwa sana: kinda wa Kiingereza asiye na pasipoti ya nchi ya Umoja huo naye hatoki mpaka atimize 18. Noni Madueke aliondoka Tottenham kwenda PSV akiwa na miaka 16. Jamal Musiala aliondoka Chelsea kwenda Bayern akiwa na 16, ingawa yeye alizaliwa Stuttgart na mlango wa nyuma ungemfungukia. Bynoe-Gittens aliwahi mwaka wa mwisho.

Miaka miwili hiyo kati ya 16 na 18 si kitu kidogo. Kijana wa akademi England husaini mkataba wa kulipwa akifika 17, na klabu kubwa zinajua kuandika tarakimu. Akifika 18 tayari ana mshahara ambao klabu ya Uholanzi haiwezi kuulipa, na bei yake imepanda. Tazama Jobe Bellingham. Dortmund walimchukua kutoka Sunderland Juni 2025 akiwa na miaka 19, baada ya misimu miwili ya kucheza kila wiki daraja la pili, kwa karibu euro milioni 30. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya waliyotoa kwa Sancho, na ni kwa mchezaji ambaye Sunderland walikuwa wameshamlimisha. Ndani ya wiki mbili alifunga dhidi ya Mamelodi Sundowns kwenye Kombe la Dunia la Klabu. Alipata namba kwa sababu ya kazi aliyoifanya England, kwenye klabu iliyokuwa inamhitaji. Yule ambaye hajacheza hata mechi moja, aliye wa nne kwenye foleni ya mawinga wa klabu tajiri, ndiye ambaye njia ya Dortmund imemzibikia.

Sancho alizaliwa Machi 25, 2000. Kwa kanuni za leo, Agosti 2017 Dortmund wasingeweza kumsajili. Angetimiza miaka 18 Machi, dirisha likiwa limefungwa, na angeruhusiwa kuondoka kiangazi cha 2018. Jezi namba 7 ya Dembélé isingekaa kwenye ndoano miezi kumi ikimsubiri.